Wajir: Soko lililokataa kugawanyika

Kabla bunduki hazijalia Wajir, soko huwa limeshasema. Mwaka 1993 wanawake waliokuwa wakiuziana maziwa, sukari na majani ya chai miaka nenda miaka rudi walianza kuulizana koo kabla ya kuulizana bei. Mwenye ukoo usiotakiwa alitukanwa, akasukumwa, mwishowe akazuiwa asikanyage sokoni. Nje ya mji wanaume walikuwa wanauana malishoni. Ndani ya mji, mbele ya vyombo vya maziwa, vita vilikuwa vinapikwa na watu ambao hawajawahi kushika bunduki.

Kila mwezi wa Aprili, tunapowakumbuka waliouawa Rwanda mwaka 1994, mimi hulikumbuka soko hilo. Mishumaa huwashwa, hotuba husomwa, na swali la nani azuie mauaji ya halaiki hupelekwa New York, kwenye Baraza la Usalama, kana kwamba ndiko yanakoanzia. Mwaka ule wa 1994 Baraza lilikuwa na wanajeshi wake ndani ya Kigali kwenyewe, likaamua kuwapunguza mauaji yakiwa yamepamba moto. Anayetegemea msaada wa mbali peke yake ameshachelewa. Kwa hiyo nataka nieleze kwa kirefu walichofanya wanawake wa Wajir, maana kimesifiwa sana nje ya Afrika Mashariki na sisi wenyewe tunakijua kijuujuu.

Wajir ni mji wa visima na ngamia, kaskazini mashariki mwa Kenya. Tangu uhuru eneo zima lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, na zilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 balaa zilikuja zimefuatana. Ukame ulifyeka mifugo. Serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia Januari 1991, wakimbizi wakavuka mpaka na bunduki zikavuka nao. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ukaongeza kuni motoni, kwa sababu kiti cha ubunge kilihesabiwa kuwa mali ya ukoo, na aliyekishinda akaonekana amepora malisho na visima pia. Ajuran, Degodia na Ogaden wakageukiana. Katika miaka michache watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na taifa halikushtuka. Nairobi ilikuwa imezoea kusikia kwamba huko kaskazini watu huuana.

Miongoni mwa wanawake wa mji huo alikuwamo Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir mwaka 1964, mwalimu, mama mwenye mtoto mdogo. Usiku mmoja katikati ya mwaka 1993 risasi zilirindima karibu na nyumba yake. Alimnyakua mwanawe wa kwanza akaingia naye uvunguni mwa kitanda, wakakaa humo saa kadhaa. Kulipokucha mama yake alikuja kumjulia hali. Alipoona pale walipojificha akakumbuka vita vya Shifta vya miaka ya 1960, jinsi naye alivyomlaza Dekha uvunguni akiwa mtoto, risasi zikipita hivyo hivyo. Miaka karibu thelathini, na kitu pekee kilichobadilika ni aliyeshika mtoto. Dekha alisema baadaye kwamba hakutaka mwanawe naye aje amfiche mtoto mahali pale.

Walikutana wanawake wasiofika kumi na wawili, wa koo mbalimbali. Walianza na jambo moja tu: tufanyeje ili mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, aje sokoni, auze, anunue, arudi nyumbani salama? Nimekutana na wanaharakati wengi wanaoanza na haki za binadamu kwa ujumla wake, na siku zote huwa nawaza swali hili la akina mama wa Wajir. Amani ya taifa haipimiki kwa macho. Kama mama fulani ameuza maziwa yake leo au amerudi nayo, hilo linaonekana kabla ya saa sita mchana.

Wakaweka macho sokoni. Walikaa kati ya wauzaji na wanunuzi huku wakiangalia nani anatukanwa, nani anapunjwa, nani anazuiwa njia kwa sababu ya ukoo wake. Likitokea la kutokea, kamati ndogo ilifika papo hapo ikalimaliza pale pale. Walikuwa wanakimbizana na saa, maana tusi la sokoni halilali sokoni. Jioni linamfikia mume, usiku linamfikia kaka, na alfajiri kuna vijana wanajaza risasi.

Waliulizana pia swali ambalo kikundi cha amani kikilikwepa hakidumu mwezi: ukoo wangu ukiwaua watu wa ukoo wako, kesho utakuja tukae pamoja? Walijibizana mapema, wakiwa watulivu, kabla ya msiba. Asiyeulizana hayo mapema hujibiwa na maiti ya kwanza.

Soko lilipotulia wakawaendea wazee. Hapo palikuwa pagumu. Kwa desturi ya Wasomali vita na suluhu ni shauri la wazee wa koo, na mwanamke hana nafasi katika kikao hicho. Wangeweza kulalamika, na wangekuwa na haki. Badala yake walimtafuta mzee wa ukoo mdogo kuliko zote, ukoo usiomtisha mtu, wakamwomba awe mdomo wao. Mzee huyo aliposimama mbele ya wenzake na kuwauliza wanapigania nini hasa, na nani anafaidika familia zao zikiteketea, hapakuwa na wa kumshuku kwamba anautafutia ukoo wake malisho. Wazee walikubali kuendelea kukutana. Septemba 1993 wakatoa azimio lililoitwa Al-Fatah, lililoweka taratibu za kusimamisha mapigano na namna koo zitakavyorudi kuishi pamoja.

Kisha wakaenda kwa vijana wenye bunduki, nao wakauliza swali la haki: tukiziweka chini tule nini? Wafanyabiashara wakaombwa kutia mkono mfukoni, kwa hoja ambayo haihitaji ufasaha, kwamba mji ukiungua na maduka huungua. Mwaka 1995 juhudi zote hizi ziliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ndani ya mfumo wa serikali ya wilaya, mkuu wa wilaya na vyombo vya usalama wakiwa mezani pamoja na wazee, wanawake, vijana na viongozi wa dini. Ngamia akiibwa au mchungaji akiuawa, gari lilitoka likiwa na watu wa pande zote ndani yake, na kazi yao ilikuwa kufika kabla ya walipiza kisasi.

Sisemi kwamba Wajir ya 1993 ilikuwa na mauaji ya kimbari. Nasema njia ya kwenda huko hupita pale pale waliposimama wale akina mama. Kiswahili kinalijua hilo. Mbari ni ukoo, ni nasaba, ni watu wa mtu, na mauaji ya kimbari ni kumuua mtu kwa sababu ya wazazi waliomzaa. Neno la kimataifa lilibuniwa mwaka 1944 na Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland ambaye wengi wa jamaa zake waliangamizwa na Wanazi. Lemkin hakuwa balozi wala waziri. Alizunguka kwenye korido za Umoja wa Mataifa akiwasumbua wajumbe mmoja mmoja hadi Mkataba ulipopitishwa tarehe 9 Desemba 1948, na alifariki New York mwaka 1959 akiwa fukara, mazishini wakafika watu wa kuhesabika kwa vidole. Hata sheria hii tunayoitaja kwa heshima, basi, ni kazi ya raia mmoja aliyekataa kunyamaza.

Mimi nilinyamaza. Januari 2008 nilikuwa nimepanga chumba Nakuru, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, bomba moja uani. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalikuwa yameshaipasua Kenya, na mwishoni mwa Januari moto ukafika kwetu. Asubuhi moja tuliamka tukakuta milango mitatu imechorwa kwa chaki nyeupe. Kila mtu alijua ni milango ya kina nani. Watu walisimama vizingitini, hakuna aliyesema neno.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza uji na maandazi langoni, ambaye mlango wake haukuguswa, alichota maji bombani, akachukua tambara la kupigia deki, akafuta mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikadhani amemaliza. Akakamua tambara, akaendelea kufuta na ile ambayo haikuchorwa, mmoja baada ya mwingine, hadi ikatimia yote kumi na miwili. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, akaniambia, "Mwanangu, mbao mbichi nayo ni alama." Angeosha mitatu peke yake, unyevu ungefanya kazi ya chaki.

Nilichokuwa nimefanya mimi asubuhi ile ni kusimama na simu mkononi. Usiku nilikuwa nimepokea ujumbe kwamba watu wa kabila fulani wanakuja na kwamba niwaonye "watu wetu". Niliupeleka kwa marafiki wawili kabla sijaufikiria. Haukuwa wa kweli. Sijui wale wawili waliupeleka kwa nani, na miaka yote hii sijaacha kuliwaza hilo.

Ujumbe wa namna hiyo ulisambaa nchi nzima. Ndiyo maana nawaheshimu waliotumia simu zile zile kinyume chake. Wakenya wachache, wakiwamo Ory Okolloh na Juliana Rotich, walianzisha ndani ya siku chache mfumo waliouita Ushahidi, ambapo mtu yeyote aliweza kutuma habari ya shambulio mahali alipo, ikawekwa kwenye ramani watu wote waione. Jijini Nairobi, kabla mwaka 2008 haujaanza, Dekha alikuwa ameshakaa na wenzake wanne: Balozi Bethuel Kiplagat, George Wachira, na majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande. Hawakutumwa na mtu. Walifungua kikao katika hoteli moja ya jijini, kila asubuhi, mlango wazi kwa yeyote mwenye taarifa au wazo, huku wakizungumza kimyakimya na wanasiasa wa pande zote mbili. Suluhu iliyosimamiwa na Kofi Annan ilitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, na sifa anastahili. Lakini alipotua Nairobi alikuta kuna watu ambao tayari walikuwa wanaongea na kila upande.

Hesabu ya tume ya Jaji Philip Waki ilisema waliokufa ni 1,133. Dekha alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani, ajali iliyomchukua mumewe pia. Alikuwa na miaka 47.

Kuna jambo katika lugha ambalo sisi tunaoandika Kiswahili tunapaswa kulibeba. Katika Bonde la Ufa waliofukuzwa waliitwa madoadoa. Rwanda waliitwa mende. Aprili 2022 tume ya uwiano na utangamano ya Kenya ilitoa orodha ya maneno ya kuangaliwa wakati wa kampeni, na humo yalikuwamo madoadoa, mende na kwekwe. Yatazameni maneno hayo. Doa hufutwa, mende hupulizwa dawa, kwekwe hung'olewa, na anayefanya hivyo nyumbani kwake anasifiwa kwa usafi na bidii. Neno linamtayarisha muuaji ajione anafagia. Ni maneno ya jikoni na ya shambani, tuliyoyajua utotoni, ndiyo maana hayamshtui msikilizaji. Mhariri, mtangazaji na mwenye kundi la WhatsApp la familia wana kazi hapo ambayo hakuna jeshi litakaloweza kuwafanyia.

Lakini kuna mahali raia hawafiki, na kusema vingine ni kuwadanganya. Kilomita chache kutoka mji huo huo wa Wajir kuna uwanja wa ndege wa Wagalla. Februari 1984 vikosi vya usalama vya serikali viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawekwa uwanjani, wakavuliwa nguo, wakakaa siku kadhaa juani bila maji. Wengi waliuawa kwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Walionusurika na jamaa zao wanasema ni maelfu. Hapakuwa na kamati ya akina mama ambayo ingelisimamisha jeshi.

Lililobaki kwa raia lilikuwa kuhesabu na kutaja majina. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, aliwahudumia majeruhi, akasaidia habari na picha ziwafikie watu wa nje, na hatimaye akalazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, mwaka ule ule aliotunukiwa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwatumikia wakimbizi. Wajane wa Wagalla walisimulia kwa miaka hata pale kusimulia kulipokuwa hatari, mpaka Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikayaandika mauaji yale katika ripoti yake ya 2013. Mauaji yasiyoandikwa ni mazoezi ya mengine, kwa hiyo kuandika huko nako nakuhesabu kuwa kazi ya kuzuia, ingawa wa Wagalla hawakuipata faida yake.

Baada ya 2008 mfano wa Wajir ulipelekwa nchi nzima, kila wilaya ikatakiwa kuwa na kamati ya amani. Ni jambo jema, na limeharibika mahali pengi. Wanasiasa waliingiza watu wao. Posho ya kikao ikawa ndiyo kikao. Mfadhili akija gari lina mafuta, mfadhili akiondoka taarifa ya mifugo iliyoibwa inafika Jumatatu na kamati inatoka Ijumaa. Zipo dosari za tangu mwanzo pia. Azimio la Modogashe la 2001, lililoweka fidia za mauaji kaskazini mwa Kenya, lilitaka ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanaume aliyeuawa, na 50 kwa mwanamke. Eneo lile lile ambalo wanawake walitangulia kuzima moto likaandika kwamba uhai wao ni nusu. Sijaona mtetezi wa azimio hilo aliyenieleza akaeleweka.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kazi hii ikifaulu haionekani. Mama wa Nakuru aliyefuta milango hana wa kumshukuru, kwa sababu usiku uliofuata hakuna aliyeuawa pale uani. Nani atampiga picha mtu ambaye hakufa? Bajeti za kaunti zina fungu la maafa, la kununua mahema na mablanketi watu wakishakimbia. Salio la simu la wazee sita na petroli ya gari moja huonekana ni matumizi yasiyo na maelezo.

Hata hivyo mazoea ya kukaa pamoja hayapotei yote, na huonekana siku watu wanapoamriwa watengane. Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange magharibi mwa Rwanda, wanamgambo waliingia darasani usiku wakaamuru Wahutu wakae upande mmoja na Watutsi mwingine. Wanafunzi walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Walishambuliwa kwa risasi na mabomu ya mkono, na sita wakafa.

Amri ni ile ile kila mahali: tenganeni. Novemba 2014, katika kaunti ya Mandera jirani na Wajir, wanamgambo wa Al-Shabaab waliteka basi, wakawachambua abiria, wakawaua 28 ambao si Waislamu. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lingine, likitoka Nairobi kwenda Mandera, likasimamishwa kwa risasi karibu na El Wak. Abiria zaidi ya 60 walijua kinachofuata. Hakukuwa na muda wa kuitisha kikao. Wanawake wa Kiislamu waliwapitishia wenzao Wakristo mitandio wajifunge. Washambuliaji walipoamuru Waislamu wakae huku na wengine kule, abiria waliwajibu: tuueni sote au mtuache.

Watu wawili waliuawa siku hiyo. Salah Farah, mwalimu, Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliokataa, akapigwa risasi. Kutoka kitandani hospitalini aliwaambia waandishi wa habari kwamba Waislamu na Wakristo ni ndugu na wanapaswa kutunzana. Alifariki Nairobi Januari 2016. Siku ile ya shambulio, wanamgambo walipokwisha kukimbia, basi liliendelea kuelekea Mandera likiwa na abiria wa dini zote mbili.